Kutu, vumbi na masizi: jinsi behewa dogo la mbao linavyozeeshwa kwa rangi

Ukishuka kutoka Lushoto kupitia Soni, baada ya kilomita 33 hivi unafika Mombo, na hapo unakutana na reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929, na mwaka 1963 kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kikaiunganisha na Reli ya Kati. Treni ya abiria ilitoweka kwenye njia hii kwa zaidi ya miaka 20. Ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019, na Arusha mwaka 2020.

Watoto wa bondeni hutengeneza treni za makopo, mabua na magurudumu ya malapa yaliyochakaa. Mafundi seremala nao, huko juu milimani, wanabaki na vipande vingi vya mgrevilea na msaiprasi ambavyo mwisho wake ni jikoni. Kipande cha sentimita 40 kinatosha kuwa behewa la mizigo. Swali la makala hii ni moja: ukishalichonga, utalipaka vipi ili mtu aliyekulia Korogwe au Hedaru aliangalie na kusema, hili nimeliona likipita?

Maana ukilipaka rangi nyekundu inayong'aa ukaliacha hapo, umetengeneza kitu cha kuchezea tu. Hakuna ubaya. Lakini behewa la kweli halina sura hiyo hata siku ya kwanza. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima, maelfu kwa maelfu, wanaotengeneza reli ndogo majumbani, na wengi wao hutumia muda mrefu kuchafua mabehewa yao. Kazi hiyo tutaiita kuzeesha. Chombo chao kikuu ni brashi ya hewa: kalamu ya chuma inayopuliza rangi kama ukungu, ndugu mdogo wa ile bunduki ya rangi unayoiona kwenye gereji za magari.

Kabla ya rangi, vipimo. Reli yetu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kampuni ya Kijerumani ya LGB, iliyoanza kuuza treni zake mwaka 1968, hutumia njia ya milimita 45, ambayo ni reli ya mita moja iliyopunguzwa mara 22 na nusu. Kwa kipimo hicho behewa la mita 9 linakuwa na sentimita 40. Ukipunguza mara 87, kipimo kinachopendwa zaidi duniani, behewa hilohilo linakuwa na sentimita 10 tu, na magurudumu yake hayazidi vifungo vya shati. Kwa fundi wa mbao asiye na mashine ndogo, sentimita 40 ndizo zinazofanyika.

Sasa tuangalie behewa lenyewe linavyozeeka, kwa sababu asiyejua uchafu umetoka wapi hataweza kuuiga.

Anza chini. Magurudumu na vyuma vinavyoyabeba havina rangi yoyote ya dukani baada ya miezi michache. Kila dereva anapofunga breki, vipande vya chuma husuguana na magurudumu na kutoa unga laini wa chuma. Unga huo hukamata unyevu, hupata kutu, na hufunika kila kitu kilicho chini ya behewa kwa rangi ya kahawia iliyokolea. Ndiyo maana mataruma na kokoto za katikati ya reli nazo huwa za kahawia hata pale ambapo udongo wa eneo hilo ni mweusi.

Juu kidogo ya hapo ni udongo. Kati ya Mombo na Korogwe, penye mashamba ya mkonge, vumbi la kiangazi ni jekundu, na upepo wa treni hulirusha kwenye pande za behewa. Halipandi sawasawa. Linakuwa zito chini na kufifia kadiri unavyopanda, kama pindo la kanzu ya mtu aliyetembea njia ya vumbi. Mvua ikinyesha, matone yanaosha mistari ya wima, na vumbi linakimbilia kwenye kona, chini ya bawaba na kwenye vichwa vya ribiti.

Kisha kutu. Kutu haianzi katikati ya bati lililo zima. Inaanza pale rangi ilipovunjika: ukingo wa mlango unaogongwa na mizigo, ngazi inayokanyagwa, tundu la bolti, mahali maji yanapotuama. Kutu mpya ni ya rangi ya chungwa. Kutu ya zamani ni kahawia nzito, karibu na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kwa hiyo katika doa moja, katikati ni giza na pembezoni ni chungwa, na chini yake kuna mchirizi mwembamba ambao mvua imeuvuta. Wanaoanza karibu wote hukosea hapa: wanapaka chungwa kila mahali, na behewa linaonekana kama limemwagiwa juisi ya embe.

Juu ni kazi ya jua. Paa hupauka kuliko pande. Nyekundu hugeuka kuelekea waridi ya vumbi, bluu hugeuka kijivu, nyeusi haibaki nyeusi. Zama za mvuke paa lilikuwa na masizi pia. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na tani zipatazo 250, zimepakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima. Moja inaitwa Mount Shengena, yaani mlima wetu wa Upare unaoonekana ukipita Same, nayo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi. Lakini usiipige picha ukadhani ndivyo ilivyokuwa kazini. Injini ya makumbusho husafishwa. Ya kazini ilikuwa na masizi mgongoni, mistari myeupe ya chokaa pale maji ya moto yalipovuja, na mafuta meusi yanayong'aa kwenye vyuma vya magurudumu.

Na mzigo nao huandika jina lake. Behewa la mafuta lina mchirizi mweusi, wenye kung'aa kidogo, kutoka kwenye mfuniko wa juu kushuka tumboni. La saruji lina ukungu mweupe wa kijivu ambao mvua imeugandisha, hautoki hata kwa brashi. La magogo au mbao lina mikwaruzo ya wima ndani na kingo zilizobonyea. Mwanzoni mwa karne iliyopita mbao za msitu wa Shume zilishushwa kwa waya wa angani hadi Mkumbara, zikapakiwa hapo kwenye treni. Ukitaka kutengeneza behewa la wakati huo, hayo ndiyo majeraha ya kuliwekea. Chagua mzigo mmoja. Behewa lenye alama za kila mzigo halisadikiki.

Tuje kwenye rangi. Mbao ipigwe msasa mpaka iwe laini, kisha ipakwe praima, maana nyuzi za mbao zikionekana hakuna atakayeamini kuwa ni chuma. Kama umetumia bati la kopo, lioshe kwa sabuni kwanza na ulikwaruze kwa msasa, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Kuna kivuli na kuna uchafu, na ni vitu viwili tofauti. Kivuli kinatangulia. Behewa la kweli ni kubwa, hivyo jua likilipiga linatengeneza giza lenyewe chini ya paa, kwenye mifereji ya milango na nyuma ya ngazi. Behewa la sentimita 40 halina ukubwa wa kutosha kutengeneza giza hilo, kwa hiyo fundi analipaka. Puliza kwanza rangi ya giza, kahawia iliyokolea au kijivu cha mkaa, kwenye kona zote, viungo vyote na sehemu ya chini yote. Ikikauka, puliza rangi kuu kwa tabaka jembamba sana, ukianzia katikati ya kila kipande cha bati na kuelekea pembeni, ukaacha giza lichungulie kwenye viungo. Mwisho changanya rangi kuu na rangi hafifu kidogo, upulize katikati ya vipande na juu ya paa peke yake. Kama rangi kuu ni nyekundu, usiipunguze kwa nyeupe, itakuwa waridi ya peremende. Tumia kaki au chungwa hafifu.

Siri ya brashi ya hewa ni wepesi wa rangi. Iwe nyepesi kama maziwa: ukiipandisha kwenye ukuta wa kikombe ishuke na kuacha utando mwembamba. Presha psi 15 hadi 20 zinatosha, wakati bunduki ya gereji yenye tundu la milimita 1.3 au zaidi inahitaji nyingi zaidi na itakumwagia rangi nyingi kwa kitu kidogo hivi. Tundu la brashi ya hewa ni la milimita 0.2 hadi 0.5. Shika umbali wa sentimita 5 hadi 10, na mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka, usimame baada ya rangi kukatika. Ukisimamisha mkono huku rangi inatoka, unapata dimbwi, na dimbwi linatambaa kama buibui. Jaribu kwenye gazeti kwanza. Vijana waliozoea kupiga rangi bodi za magari hujifunza haraka, ila huwa na haraka ya kufunika, na hapa hatufuniki kitu.

Hali ya hewa ya milimani ina neno lake. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na asubuhi za Juni na Julai ukungu unaingia mpaka ndani. Kompresa inayovuta hewa hiyo hujaza maji kwenye tangi, na tone moja likifika kwenye brashi linatema doa katikati ya kazi yako. Toa maji kwenye tangi kabla ya kuanza, weka chujio la maji kwenye mpira kama lipo, na puliza mchana jua likiwa limewaka. Rangi zinazotumia thina, zikikaukia kwenye unyevu, hupata weupe wa maziwa juu yake.

Pasipo umeme kuna njia ya zamani: tairi la akiba la gari au lori, likiwa kwenye rimu yake. Lijaze kwa pampu, unganisha na mpira wa brashi, na una hewa tulivu ya dakika chache bila kelele. Usipite presha ambayo tairi linaihimili. Likipasuka linaumiza.

Baada ya kivuli, uchafu. Vumbi la pembeni hupulizwa kutoka chini, brashi ikiwa imeinama na kuelekea juu, rangi ikiwa nyepesi zaidi ya ile ya kwanza, udongo uliochanganywa na kijivu. Puliza mara moja, acha, liangalie kwa mbali, kisha amua. Masizi ya paa hupulizwa kutoka juu. Kwa njia hiyo kila uchafu unafika kutoka upande uleule ambao ungefika kweli, na jicho linakubali hata kama mtazamaji hajui sababu.

Rangi inayobanduka na kuonyesha kutu chini yake ndiyo inayowashangaza watu wengi, na inatumia chumvi ya jikoni. Paka kwanza rangi ya kutu mahali unapotaka, ikauke kabisa. Lowesha kidogo kwa maji, nyunyiza chembe za chumvi ya mawe zikishikana hapa na pale, acha zikauke. Puliza rangi kuu juu yake. Ikikauka, sugua kwa mswaki mkavu au kitambaa kibichi: chumvi inang'oka na rangi iliyo juu yake, na kutu inabaki ikionekana kwa umbo lisilo na mpangilio, ambalo mkono wa mtu hauwezi kulichora. Osha chumvi yote iliyobaki, hasa kama umejenga kwa bati, maana chumvi ikisahaulika italeta kutu ya kweli usiyoipangia mahali.

Michirizi haihitaji hewa. Doa dogo la rangi ya mafuta ya kahawia chini ya bolti, kisha brashi safi yenye unyevu wa thina uivute kwenda chini mara moja. Ikikauka ibaki nyembamba. Kwa kona, rangi nyeusi iliyozimuliwa mpaka kuwa maji machafu inaachwa itiririke yenyewe kwenye mifereji.

Na asiye na brashi ya hewa kabisa? Mswaki wa zamani ukichovywa kwenye rangi na kukwaruzwa kwa kidole gumba unarusha matone madogo, na kwa vumbi la chini unafanya kazi nzuri sana. Kipande cha sponji ya godoro, kikichovywa kidogo na kugongwagongwa kwenye kingo, kinatoa mikwaruzo na kutu kuliko brashi yoyote. Unga wa matofali uliochekechwa kwa kitambaa, majivu, chaki iliyosagwa na masizi ya sufuria ni rangi za bure, zikipakwa kwa brashi kavu laini na kufungwa kwa vanishi isiyong'aa. Kwa kutu halisi, weka stilwaya ya kusugulia masufuria kwenye maji ya chumvi, iache nje wiki moja, kisha kausha unga wake na uuchekeche.

Usiende kukwangua behewa bovu la zamani ili kupata kutu ya kweli. Kwa miaka mingi, dunia nzima, vyuma vya reli vilipakwa rangi za kuzuia kutu zenye madini ya risasi, na unga wake ni sumu. Tena hapa ndipo penye jambo zito katika kazi hii yote. Baadhi ya rangi za mafuta za dukani, hasa njano, nyekundu na chungwa zilizo kali, zinaweza kuwa na risasi pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kinachodhurika kwanza kwa mtoto ni ubongo, na huwezi kuona kwa macho. Mtoto wa miaka miwili hulitia behewa mdomoni. Na behewa lililozeeshwa, lenye unga juu na rangi iliyofanywa ibanduke, ni baya zaidi kwa mtoto huyo kuliko lile jekundu linalong'aa.

Kwa hiyo fundi aamue mapema anamtengenezea nani. La mtoto lipakwe rangi ya maji ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina risasi, lifungwe kwa vanishi ya maji mpaka kidole kikisugua kisitoke na kitu, na kuzeesha kuishie kwenye kivuli. Kivuli peke yake kinatosha kulipa uhai. La rafuni, la darasani au la kumuuzia mgeni anayepita Lushoto ndilo la kuwekea kutu na masizi, na mnunuzi aambiwe kwamba si la kuchezea.

Na wewe unayepuliza jihadhari. Ukungu wa rangi huingia mapafuni hata ukiwa wa rangi ya maji, kwa hiyo fanya kazi nje au mlangoni, upepo ukiwa mgongoni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa inayobana uso. Rangi za magari zinazochanganywa na hadina usizipulize nyumbani kabisa, kwani zinaweza kuleta pumu isiyoondoka hata kwa kijana mwenye afya. Thina na jiko la mkaa visikae chumba kimoja.

Mfano wa kuiga haupo mbali. Treni ya mizigo ikisimama Mombo, Korogwe au Makanya, ongea kwanza na mkuu wa stesheni, maana reli ni mali inayolindwa na kutembea kwenye njia ni hatari na ni kosa. Akiruhusu, piga picha kutoka jukwaani: moja ya behewa zima ubavuni, moja ya magurudumu, moja ya kona ya mlango, na moja ya paa ukipata pa kupandia pa halali, kama daraja la miguu. Piga jua likiwa limeinama, saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua la saa sita hufuta michirizi yote. Kisha weka simu mezani, kando ya kikombe cha rangi, na uifuate picha badala ya kumbukumbu. Kumbukumbu daima hupaka kutu nyingi kuliko iliyopo.